Picha nazipima kwa masikio

Picha ikiwa na giza, macho huzoea. Rangi zikipauka, baada ya dakika kumi umeshasahau. Lakini picha ambayo maneno hayashikiki, au muziki umepandishwa hadi umewafunika watu, au kishindo cha mguu kinasikika mguu ukiwa umeshatua, hiyo hata iwe na steringi mzuri kiasi gani, utaishia kushika simu. Kwa hiyo maoni ya leo yanaegemea upande mmoja. Zipo picha za zamani ambazo sichoki kuzirudia, zipo na chache za miaka hii, na kila moja nitaihukumu kwa masikio kwanza. Habari za nani kavaa nini na nani kaachana na nani, wapo wanaoziandika vizuri kuliko mimi.

Tuanze na Sholay ya Ramesh Sippy, ya 1975. Wengi wanaikumbuka kwa Amitabh na Dharmendra juu ya pikipiki, wengine kwa Hema Malini na maneno yake yasiyokatika akiwa kwenye gari la farasi. Mimi naikumbuka kwa buti. Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, anapotokea mara ya kwanza, uso wake hatupewi. Tunapewa buti zinazokwenda na kurudi juu ya mwamba, na mkanda anaouburuta chini, chuma chake kikikwaruza jiwe. Majambazi wote wamenyamaza. Muziki wa R. D. Burman hapo ni mlio wa kuyumbayumba tu, nao umewekwa nyuma ya zile buti. Amjad Khan, aliyemcheza Gabbar, anapouliza walikuwa watu wangapi, mtazamaji ameshamwogopa mtu ambaye hajamwona sawasawa.

Halafu inakuja hesabu ya bastola. Risasi sita ndani, na mbele yake wamesimama watu watatu waliorudi mikono mitupu. Anafyatua tatu hewani, zinabaki tatu, anazungusha gurudumu la bastola ili hata yeye asijue tundu lipi lina kitu na lipi ni tupu. Anamwekea wa kwanza kichwani: tk. Wa pili: tk. Wa tatu: tk. Wote wamepona. Kicheko kinaanzia kwake, kinawapata wale watatu, kinaenea genge zima hadi majabali yanakirudisha, na kicheko kikiwa bado kimepamba moto anawapiga wote watatu. Ukiizima sauti, unachokiona ni mtu anacheka kisha anaua. Ukisikiliza, utagundua kuwa woga wote umekaa kwenye ule mlio mdogo wa chuma, mdogo kuliko karibu mlio wowote mwingine katika picha nzima. Ingetengenezwa leo, wangeuongezea besi hadi viti vitikisike, na woga ungekwisha.

Na yupo mzee Imam, kipofu, aliyechezwa na A. K. Hangal. Mwanawe ameuawa, mwili umeletwa kijijini juu ya mnyama, watu wamekusanyika na hakuna anayethubutu kusema. Mzee anakuja na fimbo yake akiuliza: mbona kimya hivi, jamani? Sisi tunauona mwili, yeye hauoni. Kinachompa habari ni ule ukimya wenyewe. Kisha adhana inasikika. Nimeona picha nyingi za msiba zilizojaa vilio na vinanda, na hakuna iliyofika pale.

Kijiji cha Sholay kilijengwa Ramanagara, karibu na Bangalore, kwenye majabali, na majabali hayo ndiyo yanayofanya mwangwi tunaousikia uaminike. Picha ilipigwa kwa filamu ya milimita 35 kisha ikakuzwa kuwa milimita 70 yenye sauti ya stereo, jambo ambalo India lilikuwa bado jipya. Nakala nyingi tulizozizoea huku, za kanda za deki na baadaye diski, zilikuwa za sauti ya mstari mmoja, iliyochujwa mara kadhaa kwa kunakiliwa. Kipimo rahisi: vaa hedifoni, sikiliza farasi wa majambazi wakipita. Vishindo vikihama kutoka sikio moja kwenda la pili, una nakala nzuri. Vikibaki katikati ya kichwa, una ile ya zamani. Mwaka 2025, picha ilipotimiza miaka 50, toleo lililosafishwa na Film Heritage Foundation lilionyeshwa Bologna, Italia, likiwa na mwisho wa awali ambao wachunguzi wa serikali waliukataa wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi. Katika mwisho ule Thakur, yule aliyeuliwa familia na Gabbar, anammaliza Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Kwa mtu wa masikio, ndio mwisho ulio sawa: Gabbar kaingia kwa buti, atoke kwa viatu. Na kama unadhani nakuza mambo, kumbuka kuwa kampuni ya muziki ya Polydor ilitoa santuri ya maongezi matupu ya picha hiyo, na watu wakainunua.

Jambo moja la kufahamu kuhusu picha za Kihindi za enzi hizo: kwa kawaida maneno hayakunaswa pale pale. Kamera za Arriflex 2C zilizotumika sana India zilikuwa na kelele kama cherehani, kwa hiyo waigizaji walirudi studio baadaye na kusema upya huku wakijitazama kwenye skrini. Ndiyo maana mtu yuko juu ya mlima, mdogo kama siafu, na sauti yake iko karibu nawe kana kwamba mmekaa kibaraza kimoja. Ukishalijua hilo huwezi tena kutolisikia. Mimi silichukulii kuwa kasoro. Sauti ile ya karibu ndiyo iliyofanya watu waweze kukariri maongezi mazima bila kujua lugha.

Waitaliano nao walifanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu naiweka Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, ya 1968, kwenye kundi moja na Sholay. Undugu upo pia kwa upande wa hadithi, maana mauaji ya familia ya Thakur yamefanana mno na yale ya familia ya McBain kwenye hii ya Leone. Mwanzo wake ni darasa zima. Wahuni watatu wanasubiri treni kwenye stesheni kavu, na kwa dakika nyingi hakuna muziki. Kuna kinu cha upepo ambacho hakijatiwa mafuta, kinalia ngii… ngii… Kuna nzi anayemsumbua mmoja usoni mpaka anamnasa ndani ya mtutu wa bastola. Kuna tone la maji linalodondokea kipara cha wa pili, naye badala ya kusogea anavaa kofia, na sasa tone linapiga kofia. Wa tatu anavunja vidole. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichonaswa kwa bahati. Kwa kuwa sauti zote ziliwekwa baadaye, kila mlio umechaguliwa na mtu, na kila mlio ambao haupo umetolewa na mtu. Muziki wa Ennio Morricone ulikuwa umeshaandikwa kabla ya kupiga picha, na Leone aliupiga seti waigizaji wakiwa wanacheza. Ndiyo maana watu wanatembea kwa mwendo wa muziki bila kuonekana wanacheza ngoma.

Picha za ngumi za Hong Kong nazipitia haraka, si kwa dharau. Enter the Dragon ya 1973 bado inasimama. Ngumi halisi ikitua mwilini haina mlio wa maana, inatoa kishindo kidogo kama mtu aliyedondosha godoro. Ule mkwaju wa "pwaa!" hutengenezwa studio kwa kupiga ngozi, nyama au nguo iliyoloweshwa, na mivunjiko ya mifupa mara nyingi ni shina la mboga linalokatwa karibu na maiki. Bruce Lee mwenyewe ndiye aliyeipa picha mlio usiotengenezeka, ule ukelele wake. Ziangalie picha za waigaji waliomfuata baada ya kifo chake Julai 1973: mapigo wameyaweza, ukelele umewashinda.

Sasa tufike nyumbani, kwenye sauti ambayo Mwafrika Mashariki wa kibanda umiza, yaani banda la video, anaijua kuliko ya mwigizaji yeyote wa Hollywood: ya mtafsiri. Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro kule Nairobi, na wale wa Kampala wanaoitwa ma-VJ. Wapo wanaowacheka, wanasema wanaharibu picha. Mimi nasema kazi yao ina ufundi na ufundi huo unapimika. Mtafsiri anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anasimulia, na anaendesha sauti ya picha ipande au ishuke chini yake. Mzuri anaishusha sauti ya asili nusu sekunde kabla hajafungua mdomo, na anairudisha mara tu anapofunga. Anajua kuwa mlipuko haukatizwi. Anajua kuwa adui akiwa anajisifu, unampa sentensi mbili kisha unamwacha aonekane uso. Mbaya anaongea mfululizo, kwa hiyo sauti ya asili inabaki chini muda wote, muziki unageuka kuwa ukungu, na ukimya uliowekwa makusudi na mtengenezaji unajazwa na habari za mjini. Kosa la pili ni la maiki: akiilamba, kila "p" na "b" inapiga kama ngumi, na spika za kibanda ambazo tayari zimefunguliwa mwisho zinapasuka. Vidole vinne kutoka mdomoni, na maiki iinamishwe pembeni kidogo badala ya kuelekezwa moja kwa moja, tatizo limekwisha. Hesabu za hakimiliki ni kesi nyingine na si ndogo, lakini leo siijadili.

Picha mbili za Kenya zimeuelewa ulimwengu huo kutoka ndani, na zote mbili zimetoka kwenye mradi wa One Fine Day Films wa Marie Steinmann na Tom Tykwer. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, inaanza na Mwas akiuza diski za picha za mapigano kijijini kwa kuziigiza, milio ya risasi ikitoka mdomoni mwake. Ndani ya dakika moja umeshamjua: huyu kijana anaishi ndani ya sauti za watu wengine. Anafika Nairobi, anaporwa papo hapo, anatupwa rumande, analazimishwa kusafisha choo ambacho ukikiangalia unajikuta unabana pumzi. Sheng ya mle ndani ni ya kweli, haijaandikwa na mtu aliyekaa ofisini. Joseph Wairimu anabeba picha yote mabegani. Lawama yangu ni kwamba muziki unaingia mapema mno kwenye baadhi ya vipande vya fujo, wakati Nairobi yenyewe tayari ina ala zake.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ndiyo ninayompa mtu aliyekata tamaa na picha zetu. Binti mdogo, Jo, anaumwa na hatapona, anapenda mashujaa wanaopaa na picha za ngumi, na kijiji kizima kinaamua kumfanya shujaa. Picha ni fupi, kama saa moja na robo, na hakuna dakika iliyotupwa. Banda la video limo, mtafsiri yumo, na anapoongea unasikia kabisa tofauti ya sauti ya spika mbovu ndani ya chumba cha mabati na sauti ya maongezi ya nyumbani. Hilo ni jambo dogo ambalo wengi hulisahau: sauti ikitoka kwenye redio ndani ya picha lazima ikatwe besi na ikatwe juu pia, ibaki ya katikati, halafu ipewe mwangwi wa chumba husika. Ukiiacha safi kama ilivyotoka studio, hakuna anayeamini kuwa redio ile inaongea. Onyo tu: usiitazame na watoto wadogo ukidhani ni picha ya kufurahisha moja kwa moja. Inafurahisha, halafu inakuliza.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi waliisoma shuleni, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Riwaya ina njia nyingi, picha ina saa moja na nusu hivi. Walioipenda riwaya watalalamika kuwa Denge na harakati zake za kupigania uhuru wamepunguzwa, na Yasmin, binti aliyekimbia ndoa, anafika haraka mno pale alipofika. Malalamiko ni ya haki. Lakini kaa uisikilize. Unguja ya miaka ya hamsini imejengwa kwa masikio zaidi ya macho, na kumpa Siti Amina nafasi ya Mwajuma, rafiki wa Yasmin, ni uamuzi wa mtu mwenye masikio: yule ni mwimbaji wa taarabu kweli, kwa hiyo hata anapoongea tu, maneno yake yana mizani. Lafudhi ya Unguja haikulainishwa ili Bara waelewe. Nani kasema kila picha ya Kiswahili lazima iongee kama taarifa ya habari? Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, na kabla yake ilikuwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001. Hiyo nayo itafute, ila uitazame ukiwa na utulivu, haina haraka na mtu.

Picha nyingi za Kibongo za daraja la kawaida, zile za sebuleni, zinaanguka kwenye sauti, na sababu zake zinajulikana. Sebule ya picha ni sebule ya kupanga: sakafu ya marumaru, kuta za saruji, vioo vikubwa, makochi mawili. Chumba cha namna hiyo kinarudisha sauti kutoka kila upande. Maiki nayo imewekwa juu ya kamera, kamera iko mita tatu kutoka kwa mwigizaji. Kwa umbali huo maiki inapokea chumba zaidi kuliko inavyopokea mtu. Ndipo mhariri anapandisha sauti ili maneno yasikike, na kelele zinapanda nazo, kisha anamwaga kinanda juu ili kuzificha kelele. Matokeo unayajua.

Dawa yake haihitaji mamilioni. Maiki iondoke kwenye kamera, iwekwe kwenye fimbo ndefu juu ya kichwa cha mwigizaji, ikielekea kifuani, nusu mita au pungufu kutoka mdomoni, nje kidogo tu ya ukingo wa picha. Magodoro na mablanketi mazito yaegemezwe kwenye kuta zisizoonekana, na zulia litandikwe chini hata kama miguu haionekani. Feni na kiyoyozi vizimwe. Friji lizimwe, na hapa wanasa sauti wana ujanja wao wa siku nyingi: weka funguo za gari ndani ya friji, maana bila kuzichukua huondoki, na ukizichukua utakumbuka kuliwasha na nyama ya mwenye nyumba haitaoza. Jenereta lipelekwe nyuma ya nyumba nyingine, si nyuma ya ukuta, na waya urefushwe. Kiwango cha kunasa kikae pale ambapo maneno ya juu kabisa yanagonga desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha mashine, ili mtu akipiga kelele ghafla sauti isipasuke. Sauti iliyopasuka haishoneki tena.

Maiki ndogo za kubana kifuani zina shida yake na nguo zetu. Kitenge kipya ambacho hakijafuliwa bado kina dawa ya kiwandani, kinasugua kama karatasi. Satini na hariri ni mbaya zaidi. Kifue kitenge mara mbili kabla ya siku ya kupiga, bandika maiki kwenye ngozi au kwenye sidiria kwa plasta laini ya hospitali, na acha kitanzi kidogo cha waya chini yake ili mtikisiko wa mwili usipande mpaka kwenye maiki. Mkufu na bangili zivuliwe kama hazionekani.

Kabla ya kuondoka eneo lolote, watu wote wanyamaze na kinasa sauti kiachwe kikinasa chumba kitupu sekunde 30. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu amechoka na chakula kimeshafika. Lakini kila chumba kina mvumo wake, na mhariri anapokata kipande cha maneno bila kuwa na mvumo wa kujazia pengo, sikio linasikia shimo. Ukitazama picha na kuhisi mazungumzo yanakatika-katika hata kama maneno yote yapo, mara nyingi ni hilo. Adhana, jogoo, bodaboda na mvua kwenye mabati havifutiki baadaye bila kuharibu maneno. Vinasubiriwa vipite, au vinaingizwa kwenye hadithi tangu mwanzo.

Na ule ubao unaogongwa mbele ya kamera si wa kupigia picha za Instagram. Ukinasa sauti kwenye mashine tofauti, mlio ule wa ubao ndio alama ya kuunganishia. Sikio la mtazamaji linavumilia sauti iliyochelewa mpaka kama milisekunde 125, lakini iliyotangulia linaanza kuishtukia kwenye milisekunde 45 tu, yaani fremu moja na ushei kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde. Kuna mantiki hapo: radi siku zote hutangulia ngurumo, kwa hiyo ubongo umezoea sauti kuchelewa, haujazoea kuwahi. Anayepiga kwa simu ana mtego wa ziada. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, kwa hiyo mwanzo wa kipande midomo iko sawa na dakika ya tano imeachana na maneno. Tumia programu inayokuruhusu kufunga idadi ya fremu, au piga vipande vifupi.

Za karibuni. The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya 2023, ndiyo picha iliyonifanya nifikirie upya hayo yote. Familia ya mkuu wa kambi ya Auschwitz inaishi vizuri, ina bustani, ina bwawa, watoto wanacheza. Ukuta wa kambi uko pembeni. Ndani ya kambi hatuingizwi kuona mateso hata mara moja, tunasikia tu: tanuri linavuma mfululizo, risasi kwa mbali, mbwa, amri, ukelele unaokatika. Kamera zilifichwa ndani ya nyumba, hadi kumi kwa pamoja, bila mafundi chumbani, na waigizaji wakaishi mle. Sauti za upande wa pili wa ukuta Johnnie Burn alizijenga baadaye, kwa utafiti wa nini kilikuwa wapi na umbali gani. Yeye na Tarn Willers walipata Oscar ya sauti mwaka 2024. Jinsi inavyofanya kazi ni hivi: dakika kumi za kwanza unasikia mvumo ule na unakukera. Baada ya nusu saa hausikii tena. Hapo ndipo picha inapokukamata, maana na wewe umeshakuwa kama wao. Usiitazame kwenye spika za simu, utakuwa umetazama familia inakula kiamshakinywa.

Oppenheimer ya mwaka huo huo naipenda na kuilaumu kwa pamoja. Kipande cha mlipuko wa Trinity, jaribio la kwanza la bomu la atomiki, ni kizuri kwa sababu mtu alikumbuka fizikia ya shule: mwanga unafika papo hapo, sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Oppenheimer alikuwa kwenye handaki la kusini, kama kilomita 9, kwa hiyo kati ya mwanga na kishindo ni sekunde 26 au 27. Picha imeuvuta ukimya kupita hesabu hiyo, na imefanya vyema, maana unasahau kuwa kishindo bado kinakuja. Lawama ni ile ile iliyomwandama Christopher Nolan kwenye Interstellar na Tenet: maneno yanamezwa. Kamera za IMAX, zile za filamu kubwa, zina kelele, na mwenyewe hapendi kuwarudisha waigizaji studio kusema upya, anataka uigizaji wa siku ile. Msimamo wa kuheshimiwa. Lakini kama mtu anaeleza jambo ambalo bila kulisikia sielewi hadithi, heshima hiyo inanigharimu mimi niliyelipa tiketi.

Ukiwa nyumbani, si kila maneno yasiyosikika ni kosa la Nolan. Picha nyingi zimechanganywa kwa chaneli sita, na maneno karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. TV yako ina mbili. Kifaa kisipozichanganya chaneli hizo vizuri, ya katikati inadhoofika na milipuko inabaki na nguvu zake. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, badala ya kuiacha ijichagulie, na kwenye mtandao wa video chagua sauti ya kawaida ya stereo kama ipo. TV nyembamba zina spika zinazotazama chini au nyuma, kwa hiyo kuiondoa kwenye kona na kuacha nafasi ukutani kunasaidia kuliko kuongeza sauti. Ukitumia hedifoni zisizo na waya na midomo ikatangulia maneno, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta ya Windows bonyeza J: kila mbofyo unaiwahisha sauti milisekunde 50. K inairudisha nyuma. Mara tatu au nne kwa kawaida zinatosha.

Sound of Metal, yenye Riz Ahmed kama mpiga ngoma anayepoteza usikivu, haihitaji maelezo marefu. Nicolas Becker alinasa sauti kwa maiki zilizogusishwa mwilini mwa mwigizaji, na ndiyo maana ukiwa upande wake unasikia damu na mifupa badala ya dunia. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda, ina Kiswahili ndani yake pamoja na Kinyarwanda na Kirundi. Ngoma za wachimbaji mgodini ni za kukufanya usimame. Hadithi yenyewe nimeifuata kwa shida, na sina hakika kuwa walitaka niifuate.

Nimalizie na Lagaan ya Ashutosh Gowariker, ya 2001, kwa sababu ni jibu la swali lililoachwa na Sholay. Huku ndiko picha kubwa ya Kihindi iliporudi kunasa maneno pale pale, Nakul Kamte akiwa fundi wa sauti, jangwani Kutch karibu na Bhuj. Sikiliza tofauti: mtu akigeuka, sauti yake inageuka naye. Akiwa mbali, ni mbali. Umati wa kwenye mechi ya kriketi ni umati uliosimama juani, na mechi peke yake inachukua zaidi ya saa moja, mpira ukigonga gongo kwa mlio mkavu ambao baada ya muda unaanza kujua kama ni mzuri kabla hujaona ulikoelekea. Nyimbo, bila shaka, zimerekodiwa studio kama kawaida, na pale wimbo unapoanza utasikia hewa ya jangwani ikikatika ghafla. Huo ndio mshono pekee unaoonekana. Picha nzima ni dakika 224, kwa hiyo wali uive kabla hujabonyeza.